Moto Usiooteka

Hotuba ya fundi wa magari kwa Waswahili wa Augsburg, Ujerumani, na vitongoji vyake, Jumamosi moja mwanzoni mwa majira ya baridi

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Watoto mlioko nyuma, hamjambo.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze, nilidhani anataka habari za matairi ya baridi au ukaguzi wa TÜV. Akasema hapana, watu wana swali moja tu: kwa nini gari la dizeli linachelewa hivi kutoa joto asubuhi? Swali hilo nalijua. Mmeniuliza gereji, mmeniuliza msikitini na kanisani, na wengine mmenipigia simu mkiwa bado mmekaa ndani ya gari, nasikia meno yanavyogongana.

Nianze na dada mmoja aliyenipa ruhusa nisimulie habari yake bila jina. Ni muuguzi. Zamu yake inaanza saa 12 kamili asubuhi. Kutoka kwake hadi hospitali ni kilomita 6, dakika 12 hivi. Ana gari la dizeli la injini ya lita 2, alilinunua kwa sababu lina nafasi ya watoto na halili mafuta. Baridi ya mwaka jana ilimtesa. Akiwasha hita anapotoka nyumbani, upepo unaotoka ni wa friji. Anapoingia geti la hospitali ndipo unaanza kuwa vuguvugu. Mchana akitoka, gari limeshapoa kama halijawahi kuwashwa, na mateso yanaanza upya.

Akalipeleka gereji moja. Wakamwambia rejeta ndogo ya hita imeziba. Rejeta ile imejificha nyuma ya dashibodi, na kuifikia lazima dashibodi nzima ing'olewe, kwa hiyo kazi ni ya siku nzima na zaidi. Alilipa karibu euro 1,000. Kesho yake alfajiri akawasha gari, upepo ukatoka ule ule.

Alipokuja kwangu hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Hela ile alikuwa ameitenga kwa tiketi ya kwenda kumwona mama yake. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa. Yale nitakayowaambia hayahitaji mtu awe fundi, na dada yule angekuwa nayo kichwani, asingelipa.

Mimi nimezaliwa Makete, mkoa wa Njombe. Wanaotoka pwani hudhani tumeijua baridi tulipofika Ulaya, lakini Makete mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi unakuta majani yameganda meupe. Jikoni kwa bibi yangu palikuwa na mafiga matatu. Magogo yanaingia katikati, moto unawaka kila upande, chungu kinapata sehemu ndogo na joto jingine lote linakuja kwetu sisi wajukuu tuliouzunguka. Kuni zilikwisha upesi, na waliozifuata msituni ni mama zetu. Kisha likaja jiko banifu, lile la udongo linalofungia moto ndani. Kuni zikapungua, maharage yakaiva mapema, moshi ukapungua machoni. Bibi alilisifu sana jiko lile. Ila jioni ya kwanza ya baridi alilitazama akasema: "Hili jiko linapika, lakini halioteki."

Ndugu zangu, petroli ni mafiga, na dizeli ni jiko banifu. Mkilishika hilo, mengine yote yatakaa mahali pake.

Hita ya gari lenu haina moto wake. Watu wengi hawalijui hili. Wanafikiri ukizungusha kile kitufe chekundu kuna kitu kinawashwa. Hakuna kinachowashwa. Injini ikichoma mafuta, sehemu ya nguvu inasukuma pistoni na gari linakwenda. Sehemu nyingine inapotelea kwenye ekzosi. Sehemu nyingine tena inaingia kwenye chuma cha injini, na maji yanayozunguka humo yanaibeba. Maji hayo yakipita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayokujia miguuni. Hita inakula makombo. Injini inayomaliza chakula chake chote, hita yake inalala njaa.

Na dizeli imetengenezwa makusudi isibakize. Hili tusilihesabu kuwa kasoro, maana tuko katika mji ambako lilifanyiwa kazi mpaka likatimia. Dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa baba wa kutoka Augsburg hapa, na hapa ndipo aliposoma akiwa kijana. Wakati wake injini za mvuke zilikuwa zinatupa sehemu kubwa mno ya moto wa makaa. Kazi iliyopatikana haikuwa hata moja ya kumi kwa nyingi kati yake. Jambo hilo lilimkera. Alitaka injini inayogeuza joto kuwa kazi bila kulimwaga ovyo. Kuanzia mwaka 1893 alijaribu katika kiwanda hapa hapa Augsburg, akashindwa, akarudia, safari moja mtambo ukamlipukia. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter kutoka Munich alikuja kuupima, akapata kwamba asilimia 26.2 ya joto la mafuta inageuka kuwa kazi. Kwa siku zile lilikuwa jambo la kushangaza. Injini yenyewe imehifadhiwa na Deutsches Museum, jumba la makumbusho la Munich, ndefu kuliko mtu, kama mnara wa chuma. Dizeli za magari ya leo, zikifanya kazi pale zinapoweza zaidi, zinapita asilimia 40. Kila asilimia iliyoongezwa kwenye magurudumu imetolewa mahali fulani, na sehemu yake imetolewa miguuni kwenu.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo inayoeleza kwa nini dizeli iliyosimama inanguruma haipati joto hata ukiingoja. Injini ya petroli inapimiwa hewa. Ukiachia mguu, kilango cha hewa kinafunga, inaingia hewa kidogo na mafuta kidogo, kwa uwiano ule ule wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Moto wake unabaki mkali hata ukiwa mdogo. Dizeli kwa kawaida haina kilango cha namna hiyo. Kila pistoni ikishuka inavuta hewa karibu silinda nzima, kisha nozeli inatia tone la mafuta kadiri ya kazi iliyopo. Gari likiwa limesimama kazi ni ndogo, kwa hiyo tone ni dogo ndani ya hewa nyingi mno, hata mara 50 au zaidi ya uzito wake. Ni sawa na kuwasha kijiti cha kiberiti katikati ya ukumbi huu. Joto lipo, ila limetawanyika kwenye hewa yote ile, na hewa hiyo inatoka na kwenda zake kabla chuma hakijafaidi.

Sasa tufanye hesabu ya mkono, kwa namba za kukadiria. Nawaomba mnivumilie, maana mimi mwenyewe niliposhika namba hizi ndipo nilipoacha kulaumu hita.

Injini ya lita 2 pamoja na maji yake ni chuma kizito. Kuipandisha joto kwa nyuzi 1 tu kunahitaji kama kilojuli 100, ndicho kipimo cha joto tutakachotumia. Asubuhi ya nyuzi 8 chini ya sifuri, mpaka ifike nyuzi 90, safari ni ya nyuzi karibu 100. Jumla kilojuli 10,000. Lita 1 ya dizeli ina karibu kilojuli 36,000. Mtu atasema, basi robo lita na kidogo inatosha. Ingetosha kama kila tone lingekwenda kupasha chuma. Lakini linalobaki kwenye chuma na maji ni kama robo tu ya joto la mafuta, labda na zaidi kidogo. Kwa hiyo ili injini ya dada yetu ipate moto kamili, lazima ichome karibu lita 1 ya dizeli.

Kilomita 6 za mjini, injini ikiwa baridi, anachoma kama lita 0.45. Hajafika hata nusu ya safari ya joto. Injini inatoka nyuzi 8 chini ya sifuri na inafika geti la hospitali ikiwa na nyuzi 35 au 40, na hapo hatujahesabu kile ambacho hita imeshaanza kuchota njiani. Maji ya nyuzi 35 hayawezi kutoa upepo wa moto. Ni vuguvugu ile ile aliyonieleza kwa mdomo wake. Gari halikuwa linamdanganya.

Mwenye kilomita 20 kazini hayajui mateso haya. Kilomita ya 12 au ya 13 anafungua zipu ya koti. Wawili hao wanaweza kuwa na gari la aina moja na mwaka mmoja, mmoja analisifu na mwingine analilaani, na wote wawili wanasema kweli.

Wengi mmeniambia: basi mimi huwasha gari dakika 15 kabla, nalingoja lipate joto. Dizeli ya lita 2 ikisimama inanguruma inakunywa kama nusu lita kwa saa. Tumeona inahitaji lita 1. Hiyo ni saa 2, na kwa saa 2 zote hizo injini iko nje kwenye baridi inayoipoza. Katika baridi kali haitafika kamwe. Ukiwasha na feni ya hita kwa nguvu ndiyo kabisa, kwa sababu feni inaweza kuchota joto kuliko lile linalozalishwa. Mmewahi kuona mshale wa joto unashuka mkiwa mmesimama kwenye taa? Ndiyo hiyo. Kwa dakika 15 umechoma mafuta, umeijaza injini masizi, umewaamsha majirani, na umepata nyuzi chache. Na hapa Ujerumani ni kosa: sheria ya barabarani, kifungu cha 30, inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu, na kungoja ipate joto hawaihesabu kuwa sababu.

Lipo moja ambalo nalisema kwa uzito, na naomba mlio nyuma mnyamaze kidogo. Msiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa ya nyumbani, hata mlango ukiwa wazi nusu, hata kwa dakika chache. Sote tumesikia habari za watu nyumbani waliolala na jiko la mkaa chumbani na asubuhi hawakuamka. Hewa iliyowaua inatoka pia kwenye ekzosi, na haina harufu.

Sasa mtaniuliza, je, kila dizeli isiyopasha ni nzima? Hapana. Kuna maradhi ya kweli, na ninataka myatenganishe na tabia.

La kwanza ni thamostati. Hiki ni kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yanazunguka njia fupi tu, ndani ya injini na kwenye rejeta ndogo ya hita. Yakikaribia nyuzi 90 kinafungua na kuyaruhusu yaende rejeta kubwa ya mbele yakapoe. Kikikwama wazi, maji yanapozwa kabla hayajapata moto, na gari halipati joto hata uende Ulm na kurudi.

Hapa naomba niwaseme mafundi wenzangu wa nyumbani, kwa upendo, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Nilijifunza kazi kwa mjomba wangu Makambako, pale malori ya Zambia yanapopita. Tuliing'oa thamostati bila kuulizwa. Dereva akilalamika gari linachemsha kupanda mlima Kitonga, dawa ya kwanza: toa thamostati, itupe, funga, nenda. Sikuwahi kuijutia mpaka nilipofika huku na kufundishwa upya. Injini isiyofika joto lake inakula mafuta zaidi, oili yake haikauki unyevu, silinda zinalika mapema. Gari kuchemsha lilikuwa na sababu yake, mara nyingi rejeta iliyoziba au feni au pampu ya maji, na sisi tuliificha. Ninasema haya kwa sababu kuna ndugu hapa Bavaria aliyemwambia fundi rafiki yake afanye hivyo hivyo na gari lake la dizeli, kwa mazoea ya Dar es Salaam. Alikaa msimu mzima wa theluji bila joto. Tulirudisha kile kilango, spea ya makumi ya euro tu, na wiki hiyo hiyo akaanza kuvua koti ndani ya gari.

Kuipima si kazi. Washa gari asubuhi likiwa baridi, endesha kilomita 3 au 4, fungua boneti, zima injini, kisha gusa ule mpira mkubwa wa juu unaokwenda rejeta ya mbele. Unatakiwa uwe bado baridi, kwa sababu kilango kimefunga. Ukiwa umeshaanza kuwa vuguvugu pamoja na injini, thamostati inavuja au imekwama. Dalili nyingine ni mshale wa joto kushuka unaposhuka mlima au unapokwenda kasi barabara kuu. Ila msiuamini sana mshale. Magari mengi ya siku hizi yamepangwa yaonyeshe 90 hata maji yakiwa 75, ili dereva asihangaike. Fundi mwenye kompyuta atakusomea namba yenyewe.

Kuna mipira miwili midogo inayoingia hita, kwenye ukuta kati ya injini na miguu yako. Injini ikiwa imepata moto kamili na hita imefunguliwa, yote miwili iwe ya moto. Mmoja wa moto na mwingine baridi, hapo ndipo useme rejeta ndogo imeziba. Kwa dada yetu yote miwili ilikuwa ya moto baada ya mwendo mrefu. Kipimo hicho ni cha mkono mtupu na dakika 2, na kingemwokolea tiketi yake. Maji yakipungua mara kwa mara, au ukisikia sauti ya maji yakibubujika nyuma ya dashibodi, hewa imeingia. Hapo usisubiri, tafuta yanapovujia.

Halafu kuna ugonjwa ambao mafundi wengi huusahau, na ndio uliokuwa wake.

Waliotengeneza magari haya wanajua hesabu niliyowafanyia. Wanajua dizeli haioteki. Kwa hiyo magari mengi ya dizeli yanayouzwa nchi za baridi yamewekewa moto wa pili. Mengine yana hita ya umeme ndani ya njia ya upepo, kama pasi. Inakula nguvu ya alteneta na inakupa upepo wenye uhai baada ya dakika moja au mbili. Baadhi ya Volkswagen za zamani zilikuwa na plagi za kupasha zilizotumbukizwa ndani ya maji ya injini. Na magari makubwa zaidi yana jiko kamili, dogo kama mkate, linalochoma dizeli ya tenki na kupasha maji. Kwenye karatasi za gari wanaliita Zuheizer. Mengi yametoka kwa Webasto, hapo karibu na Munich, au Eberspächer wa Esslingen. Linajiwasha lenyewe injini ikiwaka na nje pakiwa chini ya nyuzi 5 hivi. Mkisikia mvumo chini ya gari asubuhi na kuona moshi mdogo karibu na gurudumu la mbele, msiogope, ni jiko linafanya kazi.

Gari la dada lilikuwa nalo. Lilikuwa limekufa misimu miwili. Majiko haya hukataa kuwaka tenki likiwa kwenye akiba, na yeye, kama wengi wetu mwisho wa mwezi, alikuwa anatembea na taa ya mafuta inawaka. Safari fupi pia huyajaza masizi, kwa sababu kila siku yanawashwa na kuzimwa kabla ya kuwaka vizuri. Yakijaribu kuwaka yakashindwa mara kadhaa, yanajifunga, na hayafunguki mpaka kompyuta iyafungue. Hakuna taa yoyote kwenye dashibodi inayokuambia. Tulilisafisha, tukalifungua, tukaweka dizeli.

Jiko lile linatoa kilowati 5. Kwa dakika zake 12 za njiani hiyo ni kilojuli 3,600, yaani nyuzi nyingine 36 juu ya zile 35 au 40. Sasa anafika getini na maji ya nyuzi 70. Alinitumia ujumbe wa sauti saa 12 kasoro asubuhi, mvumo wa hita unasikika nyuma yake. Nimeuhifadhi.

Kwa hiyo ukienda gereji yoyote na dizeli isiyopasha, uliza swali hili kabla hawajashika bisibisi: gari langu lina moto wa pili wa aina gani, na mmeupima? Asiyeweza kukujibu, asikung'olee dashibodi.

Wenye uwezo wanaweza kufungiwa Standheizung, jiko kama hilo linalowashwa kwa saa au kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Ni raha kubwa, na injini nayo inashukuru. Lakini linakula betri wakati gari limesimama. Likiwaka dakika 20, endesha walau dakika 20, la sivyo siku ya tatu gari haliwaki. Na yale ya gereji iliyofungwa yanalihusu nalo, maana linachoma mafuta kweli.

Mazoea ya asubuhi, kwa haraka. Futa barafu vioo vyote kabla ya kuondoka, wasikukute unachungulia kwenye tundu. Unapoanza, elekeza upepo kioo cha mbele, feni iwe ya chini. Ukiifungulia yote dakika ya kwanza unaipoza injini na unajipuliza baridi. Ondoka mara moja, kwa mguu mwepesi. Dizeli inapata joto ikifanya kazi, haipati ikisimama. Washa na kiyoyozi, ndiyo, kiyoyozi, kwa sababu kinakausha hewa na kioo hakishiki ukungu. Kama kiti kina hita, hiyo ni bora kuliko zote kwa safari fupi: inakula umeme kidogo na inakufikia mgongoni kabla ya kilomita ya kwanza.

Kina mama na kina baba, watoto msiwafunge mkanda juu ya koti nene. Koti limejaa hewa. Gari likigonga, koti linajibana, mkanda unalegea, mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ukimshika mwilini, kisha mfunike kwa koti lile lile au blanketi au kanga mbili za mama. Gari baridi ndilo linalotushawishi kukosea hapa, ndiyo maana nimelitia kwenye hotuba ya hita.

Sasa naomba niseme lisilopendeza. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ni kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, dizeli si gari lake, hata likiwa rahisi kiasi gani. Baridi ya miguu ni dalili ya mambo mabaya zaidi yanayotokea usipoyaona. Dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kila baada ya muda injini lazima ikipashe mpaka nyuzi kama 600 ili masizi yaungue. Kazi hiyo inataka mwendo mrefu wenye moto. Kwenye safari ya dakika 12 inaanza na kukatishwa, inaanza na kukatishwa, na dizeli ya ziada iliyotiwa kwa kazi hiyo inatiririka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili mkaone: kiwango kinapanda badala ya kushuka. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na chuma kinasagana.

Mnasema dizeli ni rahisi kituoni. Kweli, ushuru wake kwa lita ni senti 47, wa petroli ni zaidi ya 65. Lakini kodi ya mwaka inarudisha: dizeli ni euro 9.50 kwa kila sentimita za ujazo 100 za injini, petroli ni euro 2. Injini ya lita 2, dizeli ni euro 190, petroli 40, kabla ya kuongeza sehemu ya kodi inayolipwa kwa moshi. Anayetembea kilomita 4,000 kwa mwaka kwenda zamu na kurudi, hafaidiki hata kidogo. Dizeli ni ya anayekwenda Stuttgart kila wiki, ya mwenye mizigo, ya dereva wa masafa. Kwa mtu huyo ni chombo cha ajabu, na baada ya nusu saa kitampasha vizuri kabisa.

Mlio nazo tayari na hamwezi kuuza, unganisheni safari. Badala ya kutoka mara tatu Jumamosi, sokoni, kwa shangazi, kisha kurudi kumchukua mtoto mpirani, panga mzunguko mmoja gari likiwa bado la moto. Na mara moja kwa wiki au mbili lipelekeni barabara kuu nusu saa, chukueni familia mwende ziwani Ammersee, mtoe masizi na nyinyi mkapumue.

Nimemaliza kusema. Gari langu la kazi liko nje karibu na mlango, na taa nimeifunga kwenye nguzo. Nina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Walioendesha mbali kuja hapa, kutoka Ingolstadt na Memmingen, injini zenu bado zina moto kwa dakika chache zijazo, kwa hiyo nyinyi mtangulie. Tutagusa ile mipira miwili tuone. Wa hapa mjini walioacha magari tangu mchana, nyinyi ni wa thamostati: mtawasha, mtazunguka mtaa huu kilomita 3, mtarudi nikiwa nawasubiri. Dada yetu muuguzi yupo, amesema atashika tochi.